Sungura Wadogo wa Sufu: Ukoo, Matunzo na Meza ya Mwamuzi

Jersey Wooly ni sungura mdogo wa maonyesho ambaye kiwiliwili chake kimefunikwa na sufu ndefu, huku uso, masikio na miguu vikibaki na manyoya mafupi. Sungura mzima wa aina hii hatakiwi kuzidi kilo 1.6, na uzito unaopendwa zaidi ni kama kilo 1.4. Mfugaji wa Afrika Mashariki aliyezoea New Zealand au California, sungura wa nyama wanaofikia kilo nne au tano, angedhani kwamba mnyama huyu bado hajakua. Lakini amekua, na umbo lake limejengwa kwa makusudi kizazi baada ya kizazi. Hafugwi kwa nyama wala kwa uzi. Anafugwa kwa uzuri wake, na uzuri huo hupimwa na mwamuzi kwa kufuata kanuni zilizoandikwa.

Aina hii ilianzishwa na Bonnie Seeley, mfugaji wa High Bridge katika jimbo la New Jersey, Marekani. Alitaka sungura wa sufu anayeweza kukaa nyumbani bila kumchosha mwenyewe: mdogo, mpole, asiyehitaji kuchanwa kila siku. Sungura wa sufu waliokuwapo wakati huo walikuwa Angora. French Angora ana uzito wa kilo 3.4 hadi 4.8, na sufu yake hukua kwa kasi hivi kwamba inabidi ivunwe kila baada ya miezi mitatu hivi. Seeley alichanganya damu ya French Angora na ya Netherland Dwarf, sungura mbilikimo asiyezidi sana kilo moja. Mwaka 1984 aliwapeleka sungura wake kwenye mkutano mkuu wa ARBA, chama cha wafugaji wa sungura wa Marekani, uliofanyika Orlando, Florida. Mwaka 1988 chama hicho kikaitambua rasmi aina hiyo mpya.

American Fuzzy Lop alikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Wafugaji wa Holland Lop, sungura mfupi mwenye masikio yanayoning'inia aliyeanzishwa na Adriann de Cock wa Uholanzi, walitaka kuongeza rangi ya mabaka. Wakaingiza damu ya English Spot. Mabaka yakapatikana, lakini yakaja pamoja na manyoya yanayorudi haraka mahali pake yakipapaswa kinyume, wakati kanuni za Holland Lop zilitaka yarudi polepole. Ili kurekebisha kasoro hiyo, baadhi yao wakaingiza French Angora. Manyoya yakalainika na mambo yakaonekana yametengemaa, mpaka watoto wenye sufu walipoanza kuzaliwa mmojammoja katika mabanda ya Holland Lop, kutoka kwa wazazi wenye manyoya ya kawaida. Wengi waliwauza watoto hao kama sungura wa nyumbani. Mfugaji mwenzao Patty Greene-Karl aliona jambo kubwa zaidi: kwamba sufu ile ilikuwa urithi uliojificha, na kwamba wakipandishwa wao kwa wao itawezekana kupata aina nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1980 American Fuzzy Lop akatambuliwa na ARBA, uzito wake ukiwekewa kikomo cha kilo 1.8.

Wa tatu katika kundi hili ni Lionhead, aliyetokea Ubelgiji na kukubaliwa na ARBA mwaka 2014. Huyu hana sufu mwili mzima. Anayo shingoni na kuzunguka kichwa, mfano wa simba dume, na urithi wake ni tofauti kabisa na ule wa wenzake: mzazi mmoja tu mwenye singa anatosha kuzaa watoto wenye singa. Matunzo yake ni mepesi. Kazi ngumu iko kwa wale wawili wa kwanza.

Anayetaka kuwazalisha sungura hao hana budi kuelewa jeni mbili. Ya kwanza ni ya sufu. Ipo jeni, inayoitwa FGF5 na wanasayansi, ambayo katika hali ya kawaida hutoa amri kwa unywele usimame baada ya kukua kwa kipimo fulani. Inapopungukiwa na kazi yake, amri huchelewa na unywele huendelea kurefuka. Lakini nakala moja nzima inatosha kutoa amri, kwa hiyo sungura hawi wa sufu mpaka arithi nakala mbili mbovu, moja kwa baba na moja kwa mama. Ndiyo maana sufu ilijificha miaka mingi kwa Holland Lop. Na ndiyo maana pia dume na jike wenye sufu hawazai mtoto mwenye manyoya mafupi. Mfugaji akimpandisha sungura wa sufu na Netherland Dwarf ili kuboresha kichwa au kupunguza mwili, watoto wote watazaliwa na manyoya mafupi, wakiwa wamebeba sufu bila kuionyesha. Atalazimika kungoja kizazi cha pili ili aione tena.

Jeni ya pili ni ya ufupi, nayo ina gharama. Mwaka 2017 wanasayansi walionyesha kwamba sungura mbilikimo amekosa kipande cha jeni inayoitwa HMGA2, ambayo inahusika na ukuaji wa mwili. Sungura mwenye nakala moja yenye upungufu huwa mfupi, mwenye kichwa cha mviringo na masikio madogo, yaani umbo lile lile linalotafutwa. Mwenye nakala mbili hawezi kuishi. Huzaliwa akiwa mdogo mno kuliko ndugu zake, kichwa kimevimba juu, masikio yameshuka nyuma, nyonga zimekonda, na hufa baada ya siku chache hata kama amenyonya. Wafugaji wa Marekani humwita karanga. Mbilikimo wawili wanapopandishwa, kwa wastani robo ya watoto huwa karanga, nusu huwa mbilikimo wa kweli, na robo iliyobaki haibebi jeni hiyo kabisa. Hawa wa mwisho hukua wakawa na mwili mkubwa kidogo, pua ndefu na masikio yanayopita kipimo.

Wapo wanaowadharau majike wakubwa wa namna hiyo kwa sababu hawashindi mezani. Ni hasara. Jike mkubwa ana nyonga pana, huzaa watoto wengi zaidi na hupata shida kidogo wakati wa kuzaa. Akipandishwa na dume mbilikimo mwenye umbo zuri, nusu ya watoto wake watakuwa mbilikimo wa kweli na nusu watakuwa kama yeye, na hakuna hata mmoja atakayekuwa karanga. Mfugaji anayejali wanyama wake ana kila sababu ya kuchagua njia hii. Uzuri wa mezani unaopatikana kwa kuua robo ya kila uzao hauna haki ya kusifiwa wakati njia nyingine ipo, na njia hiyo huleta mabingwa walewale.

Uchaguzi wa wazazi hauishii kwenye jeni hizo. Kichwa kifupi huleta hatari ya meno kutokutana. Meno ya sungura hukua maisha yote, na husagwa na kunolewa kwa kusuguana. Ya juu yasipoyafunika ya chini kidogo kwa mbele, yanarefuka mpaka mnyama anashindwa kula. Kasoro hii mara nyingi hurithiwa, na sungura mwenye nayo hapaswi kuzalishwa hata akiwa na sufu ya ajabu. Baada ya meno hutazamwa mabega, mgongo na kiuno. Mwili unaotakiwa kwa Jersey Wooly ni mfupi na ulioshikana, wenye mabega mapana yanayofuatwa na kiuno kipana zaidi kidogo. Sufu huficha mengi, kwa hiyo mfugaji mwenye busara huupima mwili kwa viganja, akiubana taratibu toka shingoni hadi mkiani, kabla ya kulisifia vazi.

Jike mdogo huwa tayari kupandishwa akiwa na miezi sita hivi, ila wafugaji wengi humwacha kwanza aonyeshwe, kwa sababu ujauzito huharibu sufu. Kungojea mno nako ni hatari: jike anayezaa mara ya kwanza akiwa na umri mkubwa, mwenye mafuta mwilini, hupata shida. Jike hupelekwa kwenye kizimba cha dume, kamwe si dume kwa jike, maana jike hulinda makazi yake na anaweza kumjeruhi mgeni. Yai la sungura halishuki kwa mzunguko wa siku. Hushuka kwa sababu ya tendo lenyewe, saa kumi hivi baadaye. Kabla ya kuwakutanisha, sufu ya nyuma ya jike na ya tumboni mwa dume hupunguzwa kwa mkasi. Bila hivyo jaribio huishia hewani, na mfugaji hubaki akimlaumu dume asiye na kosa.

Mimba huchukua siku 31 hivi. Siku ya 28 kisanduku cha kuzalia huwekwa kizimbani kikiwa na majani makavu. Karibu na kuzaa jike hujinyofoa sufu ya kifuani na tumboni ili kuwafunika watoto, na hapo ndipo sungura wa sufu anapohitaji uangalizi kuliko sungura wa manyoya mafupi. Sufu ndefu hujisokota kwenye miguu, shingo au kiuno cha mtoto asiye na nguvu za kujinasua. Ikikaza hukata damu. Mtoto hupoteza mguu au hufa. Kinga ni rahisi na haistahili kuahirishwa: jike hunyolewa sufu ya mwili wiki moja kabla ya kuzaa, ikabaki fupi, na ile atakayoinyofoa hukatwakatwa vipande vifupi na kurudishwa kisandukuni. Watoto hukaguliwa kila siku, mmoja baada ya mwingine, vidole vikipita kwenye kila mguu.

Uzao wa sungura wadogo kwa kawaida ni watoto wawili hadi wanne. Mtoto akiwa peke yake hukosa joto la wenzake, kwa hiyo wafugaji wengi hupandisha majike wawili kwa siku moja ili watoto waweze kuunganishwa. Jike hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, halafu huondoka. Asiyejua hudhani amewatelekeza. Macho hufumbuka siku ya kumi hivi. Wiki ya tatu watoto hutoka kisandukuni na kuanza kuonja nyasi kavu. Huachishwa kunyonya kati ya wiki ya sita na ya nane, bila haraka kwa walio dhaifu.

Sufu ya utotoni ndiyo inayowakatisha tamaa wengi. Toka miezi miwili hadi mitano hivi ni laini kama pamba, haina nywele ngumu za kuitegemeza, na hushikamana usiku mmoja. Mnyama wa umri huo huchanwa kila baada ya siku mbili au tatu. Akifika miezi sita vazi la utoto hupukutika na la ukubwani huota. Hilo lina nywele ndefu na imara zinazopita juu ya sufu laini ya ndani, nazo huzuia mafundo. Uwiano wa nywele hizo na sufu ndiyo siri ya Jersey Wooly: zikiwa nyingi, vazi huwa jepesi kutunza, na kumchana mara moja kwa wiki kunatosha. Mfugaji anayezalisha kwa kutafuta ulaini peke yake hujirudisha kwenye kazi ya Angora bila kujua. Urefu unaotafutwa ni kati ya sentimita tano na saba na nusu.

Kuchana nako kuna kiasi. Kila chanuo linapopita huondoka nywele chache nzima, na anayemchana sungura wa maonyesho kila siku humpunguzia ujazo wa sufu mpaka akabaki na utando. Wengi wa wafugaji wazoefu hutumia zaidi mashine ya kupulizia hewa isiyo na joto. Hewa hupitishwa karibu na ngozi, sufu hufunguka, vumbi na nywele zilizokufa huruka, na mizizi ya nywele nzima haivutwi. Sungura huzoeshwa sauti yake tangu akiwa mdogo, kwa mwendo wa chini. Pasipo mashine, chanuo la chuma lenye meno mapana hutosha, likifuatwa na brashi laini.

Fundo likiwa limeshajifunga halivutwi. Hufunguliwa kwa vidole, kidogo kidogo, kuanzia nchani kuelekea ngozini. Likishindikana hukatwa, lakini kwa uangalifu mkubwa, kidole kimoja kikiwa kati ya mkasi na mwili: ngozi ya sungura ni nyembamba, huinuka pamoja na sufu, na kuipasua ni rahisi mno. Mahali pa kutazamwa zaidi ni chini ya kidevu, kwapani, nyuma ya masikio na kuzunguka sehemu ya haja. Wakati huo huo hutazamwa kucha na ngozi ya nyayo. Sufu ikipukutika kwa mapande huku ngozi ikitoa ukurutu mweupe shingoni au mgongoni, huenda ni utitiri, na mganga wa mifugo ndiye wa kuamua dawa. Kumwosha sungura kwa maji ni kosa. Sufu iliyolowa hushikamana, hukauka polepole, na mnyama mwenyewe hupata baridi na mshtuko. Doa la mkojo husafishwa palepale lilipo, kwa kitambaa chenye unyevu au unga wa mahindi unaopakwa kisha kupulizwa wote utoke.

Sufu nzuri hutoka tumboni kabla haijatoka kwenye brashi. Nywele ni protini, kwa hiyo chakula cha vidonge chenye protini ya asilimia 16 hadi 18 ndicho kinachotumika kwa wanyama wa maonyesho, kwa kipimo, maana mnyama wa kilo moja na nusu hunenepa upesi. Lakini la msingi ni nyasi kavu, nyingi, kila siku. Sungura hujilamba na kumeza sufu, na hana uwezo wa kutapika. Nyuzinyuzi za nyasi huisukuma sufu hiyo ipite. Zikikosekana, au joto na hofu vikizidi, utumbo husinzia na kilichomo hukauka kikawa donge. Dalili ya mapema ni kinyesi: punje hupungua, hunyauka, au huunganishwa na nywele mithili ya shanga. Sungura aliyeacha kula nusu siku si wa kungojewa mpaka kesho. Ni mgonjwa wa dharura.

Banda la sungura wa sufu lina sakafu ya waya inayopitisha uchafu, na ubao au mkeka mgumu wa kupumzishia nyayo. Maji hutolewa kwa chupa yenye mrija, kwa kuwa bakuli hulowesha sufu ya kidevu. Joto ndilo adui mkubwa. Sungura hana jasho la kumpoza. Hupoza mwili kupitia masikio, na mbilikimo wana masikio madogo. Hewa ikipita nyuzi 28 hivi, mwenye vazi la sufu huanza kuteseka. Wafugaji wa majimbo ya kusini mwa Marekani huweka feni na chupa za maji yaliyogandishwa ili mnyama ajiegemeze, na walio wengi hunyoa wale wasioonyeshwa msimu huo.

Maonyesho ya Marekani yana utaratibu ulionyooka. Kila sungura ana namba au herufi iliyochorwa kwa wino ndani ya sikio la kushoto. Hupangwa kwa aina, kundi la rangi, jinsia na umri: chini ya miezi sita ni vijana, kuanzia hapo ni wakubwa. Rangi ya sungura wa sufu huwasumbua wageni, kwani kadiri unywele unavyorefuka ndivyo rangi inavyosambaa na kufifia. Mwamuzi huisoma kwenye uso, masikio na miguu, ambako manyoya ni mafupi.

Kazi ya mwamuzi huanza kwa kutafuta sababu za kumwondoa mnyama. Humgeuza chali, akafungua midomo kutazama meno, akahesabu kucha na rangi zake, akahakikisha jinsia, akapapasa kutafuta jipu. Sungura aliyezidi uzito hutoka. Aliyepakwa rangi au poda, au kukatwa sufu ili kuficha kasoro, hutoka pia. Wanaobaki huwekwa mezani katika mkao wao. Jersey Wooly huachwa akae kwa utulivu, miguu ya mbele ikiwa bapa, bila kuvutwa wala kukandamizwa. Mwamuzi hupuliza sufu ili ifunguke, akaona kama ngozi inaonekana upesi au imezibwa na wingi wa nywele. Halafu viganja vyake huutafuta mwili ulio chini, kwa sababu katika kanuni za Jersey Wooly umbo la mwili na kichwa hubeba alama nyingi kuliko sufu. Hili huwashangaza waliotumia mwaka mzima wakichana.

Mshindi wa kundi lenye angalau sungura watano wa wafugaji watatu hupata cheti. Akikusanya vyeti vitatu kutoka kwa waamuzi wasiopungua wawili, kimoja kati ya hivyo akikipata akiwa katika kundi la wakubwa, na akiwa amesajiliwa pamoja na ukoo wa vizazi vitatu, huweza kuitwa bingwa mkuu. Wengi wa majike mabingwa hunyolewa mara tu baada ya hapo na kupelekwa kwa dume.

Kabla ya hilo kuna karantini. Meza za maonyesho hukutanisha wanyama wa mabanda mengi, na kikohozi au utitiri hurudi nyumbani ndani ya sufu. Tangu mwaka 2020, virusi vya RHDV2, vinavyoweza kuua sungura kwa ghafla, vilipoanza kuenea katika majimbo ya kusini-magharibi mwa Marekani, tahadhari imeongezeka: chanjo hutolewa, na maonyesho kadhaa yaliahirishwa au kufutwa. Sungura aliyetoka safarini hutengwa wiki mbili hadi nne, akihudumiwa wa mwisho kila siku, kwa vyombo vyake mwenyewe, na mikono na viatu vya mfugaji vikisafishwa kabla ya kurudi kwenye banda la wengine.